Kabla ya Kuuza Tiketi: Somo kwa Vyama Vinavyotaka Kuchezesha Bahati Nasibu ya Hisani

Wasomaji wetu wa Maua na sehemu zote za Igembe wanafahamu vyema namna fedha za kazi ya jamii zinavyokusanywa. Watu huitwa siku ya Jumamosi, hema husimamishwa katika uwanja wa shule, mgeni wa heshima huketishwa mbele, na kila mmoja hutoa alichojaliwa. Huyu hutoa noti, huyu jogoo, na yule mkungu wa ndizi ambao hunadiwa mara tatu, ukarudishwa mezani mara tatu, hata bei yake ikawachekesha watu wote. Hiyo ndiyo harambee, neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka 1963, na kwa njia hiyo zimejengwa shule na zahanati nyingi katika nchi hii.

Lakini harambee ikirudiwa mno huchosha, maana wanaoombwa ni wale wale kila juma. Basi katika halmashauri ya chama huzuka mtu mmoja akasema, "Tuuze tiketi. Kila moja shilingi mia, na mwenye bahati apate mbuzi." Shauri hilo hupokewa kwa furaha. Hakuna mtu atakayeombwa bure, kila anayetoa ana tumaini la kupata, na tangi la maji la shule litanunuliwa. Walakini yafaa wote waliokaa mezani wafahamu kwamba kwa maneno hayo machache wametoka katika harambee na kuingia katika sheria ya kamari. Pengine hawakukusudia kamari hata kidogo. Sheria haianzi kwa kuuliza nia. Huanza kwa kutazama kitendo, na nia njema huulizwa baadaye. Mweka hazina asiyejua jambo hili aweza kujikuta anajibu maswali ya polisi juu ya mbuzi mmoja.

BAHATI NASIBU NI KITU GANI

Ili jambo lihesabiwe kuwa bahati nasibu, mambo matatu sharti yakutane. La kwanza ni malipo: mtu ametoa fedha ili aingie. La pili ni zawadi: kuna kitu cha thamani cha kushindaniwa. La tatu ni bahati tupu: anayepata hapati kwa akili wala kwa nguvu zake, bali kwa karatasi iliyotoka katika debe. Ondoa moja katika hayo matatu, na jambo linabadilika jina lake.

Tuyapime mambo tunayoyaona kila siku. Mnada wa jogoo katika harambee si bahati nasibu, kwa kuwa aliyetoa bei kubwa ndiye anayemchukua, na bahati haina kazi pale. Mashindano ya mpira ambayo kila timu hulipa kiingilio, na mshindi hupewa fahali, si bahati nasibu pia, kwa kuwa mpira huchezwa kwa miguu na maarifa. Kugawa namba bure mlangoni, kisha kumpa mmoja wa wageni blanketi, si bahati nasibu maadamu hakuna aliyelipia namba ile. Lakini ikiwa namba hupewa tu yule aliyenunua sahani ya chakula, na bei ya sahani imepandishwa kwa sababu hiyo, malipo yamejificha ndani ya sahani, na mwenye kukagua atayaona.

Iko desturi moja ambayo watu wengi huiuliza, nayo ni ile kura ya vyama vya kuzungushiana fedha. Akina mama ishirini hutoa kila mmoja shilingi mia tano kwa juma, na fedha zote hupewa mmoja wao. Mwanzoni mwa mzunguko huandika namba katika vikaratasi, wakavikunja na kuvitia katika kikapu, na kila mmoja huokota zamu yake. Malipo yapo na kura ipo. Je, hii ni kamari? Sivyo. Zamu zikiisha, kila mama amepokea shilingi elfu kumi, na kila mama ametoa shilingi elfu kumi. Kura imeamua nani atangulie tu. Haikumtajirisha mmoja kwa hasara ya wenziwe. Katika bahati nasibu watu mia tano hupoteza ili mmoja apate, na kazi ya hisani ipate. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya Serikali kuachia kura ya mzunguko mikononi mwa wenyewe, na kuitia mkono bahati nasibu. Wazee waliposikia kwamba "kura imekatazwa" walishtuka bure, kura haikukatazwa.

SHERIA ILIKOTOKA

Mizizi ya sheria yetu iko Uingereza. Huko, kwa muda mrefu, bahati nasibu zote zilikuwa haramu, mpaka sheria ya mwaka 1934 ilipofungua milango miwili midogo, na milango hiyo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu fikira zake bado zinamsaidia mtu anayepanga sherehe leo.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa bahati nasibu iliyo ndani ya sherehe: gulio la hisani, maonyesho ya kazi za mikono, au siku ya michezo. Masharti yake yalikuwa haya. Mapato yote ya sherehe, baada ya kutoa gharama, yaende katika kazi isiyo ya faida ya mtu. Zawadi isiwe fedha taslimu. Tiketi ziuzwe pale pale kwenye sherehe wakati inapoendelea, na mshindi atangazwe pale pale. Fedha za kununulia zawadi zinazotolewa katika mapato zisizidi pauni 10. Tena bahati nasibu isiwe ndiyo jambo pekee, wala jambo kubwa, linalowavuta watu waje. Kwa maneno mengine, watu waje kuona michezo, kula, kusikiliza kwaya na kununua vikapu, na tiketi iwe kama chumvi katika chakula.

Mlango wa pili ulikuwa wa bahati nasibu ya ndani, yaani ya wanachama wa chama kimoja, au wafanyakazi wa mahali pamoja, au watu wanaoishi mahali pamoja. Chama chenyewe sharti kiwe kimeundwa kwa kazi nyingine, si kwa kamari. Kila tiketi iandikwe bei yake, jina na anwani ya wanaoendesha, na watu wanaoruhusiwa kuinunua. Bei iwe moja kwa wote. Mtu wa nje akiuziwa hata tiketi moja, mlango ule umefungwa.

Mwaka 1956 Uingereza iliongeza mlango wa tatu kwa vyama vya hisani na vya michezo vilivyoandikishwa katika baraza la mji: tiketi isizidi shilingi moja, zawadi isizidi pauni 100, na hesabu ipelekwe kwa wakuu.

Kenya huru ilitunga sheria yake mwaka 1966, Sheria ya Kubahatisha, Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari, Sura ya 131. Sheria hiyo ilishika mgawanyo kama huo: bahati nasibu ndogo ya ndani ya sherehe, bahati nasibu ya wanachama, na bahati nasibu ya watu wote. Hii ya mwisho ilihitaji ruhusa ya Bodi ya Kusimamia Kamari na Kutoa Leseni, na robo ya mapato, yaani asilimia 25, ilitakiwa iende katika kazi njema. Wasomaji waliokuwa wakisikiliza redio watakumbuka matangazo ya kampuni zilizogawa magari na nyumba, na mwishoni sauti ya haraka haraka ikitaja namba ya ruhusa ya Bodi. Namba ile haikuwa pambo. Ilikuwa ni dalili kwamba ruhusa imeombwa na imetolewa.

MABADILIKO YA MWAKA 2025

Sheria ile ya 1966 ilidumu karibu miaka sitini. Iliandikwa wakati tiketi ni karatasi na debe ni debe. Haikujua simu ya mkononi, wala mashine za kamari zilizotapakaa katika maduka ya vijiji mpaka wazazi na machifu wakalalamika. Tarehe 7 Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, ambayo iliondoa ile ya 1966 na kuweka Mamlaka ya Kusimamia Kamari mahali pa Bodi ya zamani. Sheria mpya inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kushiriki katika kamari. (Jirani zetu wa Uganda ni wakali zaidi, sheria yao ya 2016 iliweka miaka 25.)

Kwa hiyo, chama kilichowahi kupata ruhusa miaka iliyopita kisidhani kwamba barua ile ya zamani yatosha. Kisidhani pia kwamba kwa kuwa jirani zao walifanya bila kuulizwa, wao nao hawataulizwa. Halmashauri iandike barua kwa Mamlaka mapema, na kuuliza kwa maandishi ni ruhusa ipi inayohitajiwa kwa jambo wanalolikusudia, ada yake ni kiasi gani, na hesabu itapelekwa kwa nani. Jibu la maandishi ndilo ngao ya mweka hazina. Jibu la mdomo la mtu aliyekutana nao sokoni si kitu.

Tena kuna upande wa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka mambo ya burudani za watu wote, pamoja na kamari, katika kazi za serikali za kaunti, huku mambo ya kamari ya kitaifa yakibaki kwa Serikali ya Taifa. Basi chama cha Maua hakina mlango mmoja tu wa kubisha. Ofisi ya Kaunti ya Meru iulizwe habari za uwanja, vibanda vya chakula na burudani yenyewe. Ni usumbufu, hatukatai. Lakini ni usumbufu wa asubuhi mbili au tatu, nao ni mwepesi kuliko sherehe kusimamishwa saa nane mchana, watu wakiwa wamekwisha nunua tiketi na mbuzi amefungwa mtini.

Chama chenyewe nacho kiwe na sura mbele ya sheria. Kikundi ambacho hakikuandikishwa hakiwezi kuomba ruhusa kwa jina lake. Atakayeomba ni mtu, na lawama itakuwa ya mtu huyo. Tangu mwaka 2022 iko Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii, na anayeshughulika nayo ni afisa wa maendeleo ya jamii. Kikundi kiwe na katiba, kiwe na kitabu cha wanachama, kiwe na hesabu ya benki yenye sahihi zaidi ya moja. Nao watakaorudi katika harambee ya kawaida wasidhani kwamba huko hakuna sheria: makusanyo ya fedha kwa umma yana Sura yake ya 106, na mwaka 2024 muswada wa kuiondoa sheria hiyo na kuweka nyingine ulipelekwa Bungeni.

Kuhusu ushuru, neno moja la faraja. Ushuru ulipowekwa mwaka 2021 juu ya fedha za kununulia tiketi za bahati nasibu, bahati nasibu za hisani ziliachwa nje. Sheria za fedha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo na hili liulizwe kabla ya kuchapisha tiketi.

HESABU YA MBUZI NA HESABU YA NDAMA

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo vyama vingi huanguka hata vikiwa na ruhusa.

Tuseme kikundi cha wazazi karibu na Maua kinataka tangi la maji kwa ajili ya shule. Kimechapisha tiketi 500 kwa shilingi 100. Zikiuzwa zote, mapato ni shilingi 50,000. Mtu mmoja mwenye moyo mkubwa anasema zawadi iwe ndama jike, kwa kuwa mbuzi hatavuta watu. Ndama ananunuliwa kwa shilingi 35,000. Kuchapa tiketi ni shilingi 4,000, hema ni shilingi 6,000. Jumla ya gharama ni 45,000, na tangi limebakiwa na shilingi 5,000. Watu 499 wametoa fedha zao wakiamini wananunua maji ya watoto, kumbe wamemnunulia jirani yao ndama. Hakuna aliyeiba, na bado kila mtu atasema fedha zimeliwa.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mbuzi aliyetolewa zawadi na mwanachama, na hema lililoazimwa. Gharama ni shilingi 4,000 za kuchapa. Zikiuzwa tiketi 300 tu, tangi limepata shilingi 26,000. Ndiyo maana sheria za zamani zilibana fedha za zawadi na kudai fungu la kazi njema litajwe. Hata pale ambapo sheria haitaji kiasi, halmashauri yafaa ijiwekee kiasi chake na kukiandika kwenye tiketi, ili mnunuzi ajue shilingi mia yake inakwenda wapi.

Jambo la pili ni zile tiketi zisizouzwa. Katika tiketi 500, tuseme 400 zimeuzwa na 100 zimebaki katika vitabu. Vishina, yaani vile vipande vinavyobaki kitabuni, vikitiwa vyote katika debe, hata vya zile 100, basi katika kila nafasi tano iko moja ya mbuzi kutwaliwa na tiketi ambayo haina mwenyewe. Mbuzi atarudi kwa halmashauri. Ni nani atakayeamini kwamba ilikuwa bahati? Kwa hiyo kabla ya kuchagua, vitabu vyote virudishwe, hata cha yule aliyesafiri Nairobi na kusahau; vihesabiwe mbele ya watu; namba zisizouzwa zisomwe kwa sauti na kuchanwa. Ndipo debe litikiswe. Anayeokota awe mtu asiye na tiketi, na asiwe ndugu wa mwenye tiketi nyingi. Tena mwenye kutunza fedha asiwe ndiye mwenye kutunza vishina, ili hesabu ya mmoja ipimwe kwa hesabu ya mwingine.

Jambo la tatu ni wauzaji. Watoto wa shule hupendwa kupewa vitabu vya tiketi kwa kuwa hawachoki kutembea, na jioni, wakati fedha za miraa zinapogawanywa, wao huuza upesi kuliko watu wazima. Desturi hii haifai. Mtoto ambaye sheria inamkataza kucheza asifanywe mchuuzi wa mchezo wenyewe, na akipotewa na kitabu njiani, deni la shilingi elfu mbili au tatu linamwangukia mzazi. Wala chifu na mwalimu mkuu wasiuze tiketi kwa watu waliokuja kwao kutafuta huduma. Maofisa wa Serikali walikwisha katazwa na sheria ya mwaka 2003 kutumia cheo kushurutisha watu watoe michango, na anayenunua tiketi ili barua yake itiwe muhuri hakununua kwa hiari.

Na simu? Vijana watasema, "Tuweke picha ya mbuzi katika WhatsApp, watu walipe kwa M-Pesa, hata walioko Mombasa na Marekani." Fedha zitaingia, ni kweli. Lakini hapo bahati nasibu imetoka uwanjani na nje ya kundi la wanachama, ikawa ya watu wote. Chama kisifanye hivyo kabla ya kupata ruhusa inayotaja njia hiyo waziwazi.

Limebaki neno la mahali pa sherehe. Maua ni mji uliokua kando ya hospitali ya Wamethodisti, na kwa desturi yao ya zamani Wamethodisti hawakupenda kamari ya namna yoyote, hata tiketi ndogo ya gulio la hisani. Wako waumini wa madhehebu mengine, na Waislamu pia, wenye msimamo kama huo. Ruhusa ya Serikali haimlazimishi mwenye ukumbi kuukodisha, wala haimlazimishi muumini kununua. Chama chenye busara huuliza wenye ukumbi kwanza, na huweka kando ya meza ya tiketi sanduku la mchango wa kawaida, ili asiyetaka kubahatisha naye apate kulisaidia tangi. Aghalabu sanduku hilo halikosi fedha.

Mwisho wa siku, mshindi asipoonekana, zawadi isigawanywe usiku ule ule. Siku za kungoja ziwe zimeandikwa nyuma ya tiketi tangu mwanzo, pamoja na shauri litakalofuata: kuchagua tena mbele ya mashahidi wale wale, au kumnadi mbuzi na kutia fedha zake katika kazi. Hesabu ibandikwe mlangoni mwa shule katika muda wa juma moja: tiketi zilizochapwa, zilizouzwa, zilizochanwa, gharama moja moja, na kilichobaki. Nakala moja iende kwa waliotoa ruhusa, na nyingine itunzwe na katibu pamoja na vishina vyote, visitupwe mpaka hesabu ya mwaka imekwisha kukaguliwa.